Likizo ya Desemba na watoto: safari haiishi mnaposhuka kwenye basi

Shule zikifungwa Desemba, familia nyingi za mjini hufunga mabegi na kuwapeleka watoto kwa bibi na babu. Ni jambo jema. Mtoto anajua kwao, anajifunza kuamkia wakubwa kwa lugha ya nyumbani, anacheza na binamu zake na kula ndizi zilizokatwa shambani asubuhi ile ile. Makala hii haikukatazi kusafiri. Inakueleza namna ya kumpeleka mtoto na kumrudisha akiwa mzima.

Tutumie mfano wa safari moja, ya kutoka Dar es Salaam kwenda mkoa wa Kagera. Ni safari ndefu, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama. Tena inamtoa mtoto kwenye eneo lenye malaria kidogo na kumpeleka kwenye eneo lenye malaria nyingi, wakati mvua za vuli zimeshaongeza mazalia ya mbu. Kama unakwenda Geita, Kigoma, Tabora, Mtwara au Lindi, maelezo ni yale yale. Na kama unatoka Arusha, Kilimanjaro au Manyara, ambako malaria ni chache zaidi, yasome kwa makini maradufu.

Kwa nini mtoto wa mjini huugua zaidi

Mtu anayeishi kwenye malaria tangu utotoni, mwili wake hujenga kinga ya kiasi. Haimzuii kuambukizwa, lakini humpunguzia makali ya ugonjwa. Mtoto aliyekulia mjini hana kinga hiyo. Ndiyo maana binamu yake wa miaka 9 anaweza kuwa anacheza mpira huku ana vimelea kwenye damu, na huyu wako, aliyeumwa na mbu wale wale, akalazwa. Hata wewe mzazi uliyezaliwa huko, ukikaa mjini miaka mingi kinga yako hupungua. Usiseme "sisi tumekulia huku, hatuumwi."

Jambo la pili ni muda. Malaria haionekani siku ile mtoto alipoumwa na mbu. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 7 na siku 30 baadaye. Kwa likizo ya wiki mbili au tatu, maana yake ni kwamba homa inaweza kuanza mkiwa kwa bibi, mkiwa ndani ya basi la kurudi, au mtoto akiwa ameshavaa sare na kurudi darasani.

Hapo ndipo watoto wengi wanapopotezewa muda. Mama mmoja alituletea binti wa miaka minne, siku ya tisa tangu warudi kutoka kijijini. Kwa siku tatu alikuwa anampa dawa ya homa ya dukani, akiamini ni uchovu wa safari na vumbi. Mtoto alikuwa na malaria kali na damu imepungua sana. Alipelekwa hospitali ya wilaya, akaongezewa damu, akapona. Lakini siku tatu kwa mtoto mdogo ni muda mrefu mno, na si wote wanaowahi.

Wiki mbili kabla ya safari

Anza na kadi ya kliniki. Itazame, usiiweke tu kwenye begi. Chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Kama muda umepita na hajachanjwa, mpeleke sasa. Kwenye mabasi na sherehe za mwisho wa mwaka watu hubanana, na surua huenea haraka sana kwenye mkusanyiko. Kadi hiyo isafiri nanyi, kwa sababu mhudumu wa kule ataanzia hapo kumjua mtoto wako.

Kama mtoto ana selimundu, pumu au kifafa, nenda kliniki yake kabla ya kukata tiketi. Chukua dawa za kutosha siku zote za safari na wiki moja ya ziada. Mtoto mwenye selimundu ahakikishiwe dawa yake ya kuzuia malaria, kwa sababu malaria, baridi na kukosa maji vinaweza kumletea maumivu makali na upungufu wa damu.

Kisha andaa mfuko mdogo utakaokaa nawe kwenye kiti, si kwenye buti la basi:

- paketi nne za ORS na vidonge vya zinki
- paracetamol ya maji ya watoto, pamoja na kipimo chake
- kipimajoto
- sabuni kipande na kitambaa safi
- vidonge vya kutakasa maji
- mifuko ya plastiki ya kutapikia
- kadi ya kliniki na kadi ya bima kama unayo

Kwenye begi kubwa weka chandarua chenye dawa, kamba na misumari minne. Usitegemee kukikuta huko. Nyumba ikijaa wageni, vyandarua havitoshi, na kwa heshima ya mgeni hakuna atakayekuambia.

Usimpe mtoto dawa ya mseto "ya kujikinga" kabla ya kuondoka. Dawa hiyo ni ya kutibu malaria iliyopimwa na kuonekana. Ukimpa kama kinga, unapoteza dawa na kujipa moyo usio na sababu.

Njiani

Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe mkatie tiketi yake. Najua nauli ni nzito, hasa Desemba. Lakini kumbuka kwamba basi likifunga breki ghafla, huwezi kumzuia kwa mikono mtoto uliyempakata, hata uwe na nguvu kiasi gani. Mfunge mkanda wake. Kama ni mchanga na lazima umpakate, funga mkanda wako wewe kwanza, kisha mshike mtoto nje ya mkanda. Usifunge mkanda mmoja kuwazunguka wote wawili, kwa sababu kwenye ajali uzito wako wote utambana yeye.

Kwenye gari dogo, watoto wote wakae kiti cha nyuma. Mtoto mchanga akae kwenye kiti chake maalumu kinachotazama nyuma ya gari. Asipakatwe kiti cha mbele. Mfuko wa hewa ukifumuka unaweza kumuua.

Ukiweza, gawa safari. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, kwa hiyo unaweza kulala hapo usiku mmoja na kuendelea na basi asubuhi. Mtoto aliyelala na kuoga hasumbui, na mzazi aliyelala ana macho ya kumwangalia.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Hahitaji maji hata kama ni jua la Singida. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Aliyezidi umri huo apewe maji salama kidogo kidogo kila mara. Wazazi wengi hupunguza maji ili mtoto asiombe kuchimba dawa, na hapo ndipo mtoto anafika amekauka midomo na kichwa kinamuuma. Mpe maji. Basi likisimama, shuka naye, mshike mkono, nendeni upande ule ule basi liliposimama bila kuvuka barabara, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Kuhusu chakula, siku ya kwanza beba cha nyumbani: maandazi, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu. Ukinunua njiani, chagua kinachopikwa mbele yako na kinachotoka moshi. Tunda lenye ganda unalomenya mwenyewe ni salama kuliko lililokatwa na kufungwa kwenye mfuko.

Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio husumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Mpe chakula chepesi, akae karibu na dirisha sehemu ya mbele au katikati ya basi, atazame mbali nje badala ya simu. Usimpe dawa ya mafua au ya mzio ili asinzie. Najua inafanyika sana, na wengine huambiana stendi. Kwa mtoto mdogo dawa hizo zinaweza kudhoofisha upumuaji, na wewe utadhani amelala vizuri.

Mwisho, usimkabidhi mtoto kwa konda au abiria usiyemfahamu ati atapokelewa mwisho wa safari. Na hata mkiwa pamoja, andika jina lako na namba ya simu kwenye karatasi, weka kwenye mfuko wa nguo ya mtoto. Stendi za Desemba hupoteza watoto kwa dakika moja. Ukiona mtoto amepotea au yuko hatarini, namba ya huduma kwa mtoto ni 116, hailipiwi.

Mkifika

Kazi ya kwanza siku ya kwanza, kabla giza halijaingia, ni kufunga chandarua. Mbu wanaoeneza malaria huuma hasa usiku. Jioni mtoto avae nguo ndefu, na akisinzia sebuleni wakati wakubwa wanazungumza, apelekwe ndani ya chandarua mara moja. Saa mbili tatu za kulala kwenye mkeka nje zinatosha kuharibu kinga ya usiku mzima.

Wazazi wengi huona aibu kuzungumza hili mbele ya wakwe. Anaweza kuonekana anadharau nyumba. Jaribu kumpa mwenyeji kazi badala ya lawama: "Mama, kliniki wamenisisitiza huyu mjukuu wako alale kwenye chandarua kila siku. Naomba unisaidie kumkumbusha, maana wewe anakusikiliza kuliko mimi." Bibi akishaibeba kazi hiyo, utashangaa. Hakuna mlinzi mkali kama yeye, na pengine atauliza na wajukuu wengine walale wapi. Na kweli waulizwe, kwa sababu watoto wa kijijini walio chini ya miaka mitano nao bado hawajapata kinga ya kutosha.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe kidonge cha kutakasa kama maelezo yake yanavyosema. Yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko.

Ziwa Victoria linavutia, lakini maji yake ya kando yana konokono wanaobeba kichocho. Vimelea hupita kwenye ngozi, kwa hiyo mtoto haambukizwi kwa kunywa tu, hata kwa kusimama majini akicheza. Asioge wala kuogelea ziwani, kwenye mabwawa au mito. Na asiachwe ufukweni na watoto wenzake tu. Mtoto wa mjini hajui kina, na kuzama hakuna kelele.

Zunguka nyumba kama ungekuwa na urefu wa mtoto wako. Jiko la mafiga liko chini, sufuria inatokota usawa wa uso wake. Kisima kina mfuniko? Mafuta ya taa au dawa ya mimea imewekwa kwenye chupa ya soda? Mtoto wa mjini akiona chupa ya soda, kwake ni soda. Omba vihamishwe juu. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe wala usimpe maziwa; mkimbize kituo cha afya ukiwa na chupa yenyewe.

Jambo moja zaidi tunaloogopa kulisema ni malazi. Nyumba ikijaa, watoto hulazwa popote penye nafasi. Watoto wako walale karibu nawe, au na mtu unayemwamini kabisa. Usimlaze mtoto na mtu mzima au kijana kwa sababu tu ni ndugu. Mwambie mtoto kwamba hakuna anayeruhusiwa kumshika sehemu zake za siri na kumwambia anyamaze. Kupanga malazi vizuri si kumtuhumu mtu.

Homa ikianza

Mpeleke mtoto kwenye zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Apimwe. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20.

Akikutwa na malaria isiyo kali atapewa dawa ya mseto ya ALu. Ni dozi sita kwa siku tatu. Ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mpe pamoja na chakula au maziwa, inafanya kazi vizuri zaidi. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo, kisha rudi kituoni upewe nyingine ya kufidia. Homa ikishuka siku ya pili usikatishe, na usimgawie ndugu yake vidonge vilivyobaki.

Kipimo kikisema hana malaria, usilazimishe dawa ya malaria. Homa ina sababu nyingine, kama nimonia, maambukizi ya masikio au ya njia ya mkojo. Mhudumu atafute. Homa ikiendelea baada ya siku mbili, rudi apimwe tena.

Usisubiri kupambazuke ukiona dalili moja kati ya hizi:

- hawezi kunywa wala kunyonya
- anatapika kila anachopewa
- amelegea sana, haamki vizuri au amepoteza fahamu
- anapumua haraka, au mbavu zinabonyea anapovuta pumzi
- viganja na ndani ya macho vimekuwa vyeupe
- amepata degedege

Hili la degedege nalisema peke yake, kwa sababu huko nyumbani huenda wazee wakasema si la hospitali, afukizwe kwanza. Wanasema kwa upendo, kwa namna walivyolelewa. Lakini degedege la mtoto mwenye homa linaweza kuwa malaria kali iliyofika kwenye ubongo, au homa ya uti wa mgongo. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na tafuteni usafiri wakati huo huo. Kama mmeelekezwa hospitali iliyo mbali, muulize mhudumu wa zahanati kuhusu dawa ya malaria kali ya kuanzia kabla hamjaondoka. Ipo ya sindano, na kwa watoto wa chini ya miaka sita ipo ya kuwekwa njia ya haja kubwa. Wazee wakisisitiza, waombe mmoja wao aje nanyi hospitali. Anayepanda pikipiki nawe ni rahisi kukubaliana naye kuliko anayeachwa nyuma.

Akiharisha

Changanya paketi moja ya ORS na lita moja ya maji salama. Mchanganyiko utumike ndani ya saa 24, unaobaki umwagwe. Baada ya kila choo, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe, na aliyezidi hapo nusu hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko taratibu. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole zaidi. Aendelee kunyonya na kula. Ongeza zinki mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma: miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita, miligramu 20 kwa aliyezidi. Macho yakizama, au kukiwa na damu kwenye choo, mpeleke kituoni.

Mwezi mmoja baada ya kurudi

Mkifika nyumbani, chukua kalenda na uweke alama siku mliyorudi. Hesabu siku 30 mbele, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo, homa yoyote ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Mwambie dada wa kazi. Mwambie mwalimu wa darasa. Mwambie yeyote anayebaki na mtoto ukiwa kazini.

Na ukifika kliniki, usisubiri kuulizwa. Kwenye mji wenye malaria chache, mhudumu mwenye foleni ndefu anaweza kufikiria mafua kwanza. Sema sentensi moja: "Tulikuwa Kagera, tumerudi tarehe fulani." Sentensi hiyo hubadilisha kinachofuata.

Malaria inaweza kuchelewa zaidi ya mwezi, kwa hiyo endelea kutaja safari hiyo hata Februari na Machi. Na kama mtoto aliingia ziwani, akaja kukojoa mkojo wenye damu au akaumwa tumbo kwa muda mrefu miezi kadhaa baadaye, sema pia kwamba aligusa maji hayo. Kichocho kina dawa.

Ukiwa na swali la afya wakati wowote, piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyolipiwa. Safari njema, na msalimie bibi.